Saa ya taji mnadani Malinyi

Mpunga ukishavunwa, mnada wa Malinyi hubadilika sura. Wauza mitumba, redio za sola na masufuria hufuata pesa ilipo, na kati yao humkosi kijana mwenye ubao uliofunikwa kitambaa cheusi, saa zimepangwa safu kwa safu, nyingine zina taji la Rolex. Wala hapo hakuna anayedanganywa, maana bei inajieleza. Aliyeuza mpunga wake anataka kitu cha kung'aa mkononi siku ya harusi, na muuzaji analijua hilo.

Njia ya saa hizo haina siri: China, Kariakoo, Morogoro, Mikumi, Kidatu, Ifakara. Tangu Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 lilipofunguliwa mwaka 2018 kwenye Mto Kilombero, mzigo hausubiri tena kivuko. Unapita Lupiro na kuingia Malinyi. Tulilishangilia daraja kwa ajili ya mchele utokao. Feki nazo zinapita humo humo.

Mimi macho yangu huwa kwa jirani wa kijana huyo, fundi saa mwenye kisanduku cha kioo na lenzi jichoni. Kwa nini asiunde kopi yake mwenyewe, iliyo bora kuliko zile za ubaoni?

Tufanye hesabu. Tuseme anataka kuiga Submariner, saa ya wazamiaji ambayo Rolex waliitoa mwaka 1953. Mashine ya ndani hataichonga. Atanunua NH35 inayotengenezwa na kampuni ya Seiko, isiyotumia betri, inayojijaza yenyewe mkono unapotembea; watu wanaojiundia saa nyumbani duniani kote huipenda sana. Inapiga mara 21,600 kwa saa, yaani sita kila sekunde. Submariner ya leo inapiga 28,800, yaani nane. Mshale wa sekunde utateleza vizuri, ila mjuzi akiukodolea macho ataona unakatakata kidogo.

Kisha mikono inaanza kazi. Uso wa saa ni bamba la shaba nyeupe au njano la milimita 28.5, linasuguliwa, linapakwa rangi, linawekewa nukta. Kijiti cha kutegea kinakatwa kwa kupimapima. Ukizidisha nusu milimita, umekitupa. Tundu la mshale wa sekunde lina upana wa milimita 0.20. Ukiukandamiza kwa pupa, mhimili unapinda na fedha ya mashine imekwenda. Halafu kuna vumbi. Mashine ya kukoboa mpunga ikinguruma jirani, chembe moja ya pumba ikitua chini ya kioo, utaiona kila unapotazama saa mpaka uifungue upya.

Siku kadhaa za kazi hiyo, na bidhaa inakwenda kushindana na kitambaa cheusi. Mteja hataona tofauti, wala hatailipia. Na akiipiga chapa ya taji ili iuzike, fundi ameingia kwenye Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo Tume ya Ushindani huitumia kukamata na kuteketeza bidhaa bandia. Hasara mara mbili.

Fundi saa si wa kwanza kubanwa na saa rahisi. Siku ya Krismasi mwaka 1969 Seiko walitoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, yaani ya betri, kuuzwa sokoni, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 ajira za saa Uswisi zilikuwa zimeporomoka kutoka takriban 90,000 hadi kama 30,000. Uswisi ilipona kwa kuuza chache kwa bei ghali: mwaka 2023 iliuza nje saa karibu milioni 17 kwa faranga kama bilioni 25.5, wastani wa faranga kama 1,500 kila moja. Fundi wa mnadani alibaki na betri na mikanda.

Maoni yangu: ufundi uleule una soko akiachana na taji. Aandike jina lake, au Kilombero, na uso wa saa autengeneze kwa majira yetu. Saa za kawaida zinaonyesha saba tukisema saa moja asubuhi. Yeye mwenye brashi mkononi anaweza kuiweka moja pale ilipo saba na sita pale ilipo kumi na mbili. Kiwanda cha Rolex kule Geneva hakitamsumbua kwa hilo.

Ingawa namwona kabisa mteja wa kwanza akiirudisha, "Fundi, mbona umeiweka kichwa chini?", kisha akiangalia saa yake ya taji inayoonyesha kumi na kusema anawahi basi la saa nne.