Je, Wajua? Hesabu za Jirani, Kuanzia Mkula

Je, wajua kwa nini Noah tupu haipati abiria? Simama kituoni Mkula, Bonde la Kilombero, asubuhi ukisubiri gari la Ifakara. Likiwa na watu wawili, wapita njia wanalitazama tu. Likifikisha saba, wanalikimbilia. Kila abiria ana idadi yake moyoni: huyu anapanda akimkuta mmoja, yule mpaka awakute watano. Mwaka 1978 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliiweka tabia hiyo kwenye hesabu. Chukua watu 100 uwanjani. Wa kwanza hana woga, anarusha jiwe peke yake. Wa pili anamfuata akiona mmoja ameanza, wa tatu akiona wawili, hivyo hivyo hadi wa mia. Uwanja wote unawaka. Sasa mbadilishe mtu mmoja tu: yule wa pili, badala ya kungoja mmoja, angoje wawili. Fujo inaishia hapo, mtu mmoja na mawe yake, 99 wakimshangaa. Watu ni walewale, ila mmoja. Lakini kesho yake tutasema uwanja wa kwanza ulijaa wahuni na wa pili ulijaa wastaarabu.

Wapiga debe wanaijua hesabu hiyo bila kuisoma popote. Ndiyo maana vijana watatu wanne hukaa ndani ya gari wakijifanya abiria, kisha huteremka mmoja mmoja kadiri wateja wa kweli wanavyoingia. Nimewahi kupanda nikiambiwa wamebaki wawili tu tuondoke. Robo saa baadaye walikuwa wamebaki watano.

Je, wajua kuwa kundi la kweleakwelea halina kiongozi? Maelfu ya ndege hugeuka angani kama shuka moja, na hakuna anayetoa amri. Katikati ya miaka ya 1980 Craig Reynolds alitengeneza programu ya kompyuta iliyowaiga ndege kwa kanuni tatu: usimgonge jirani, elekea anakoelekea jirani, usiachwe mbali na wenzako. Basi. Kundi zima likatokea kwenye skrini.

Kweleakwelea mmoja hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku. Laki moja yao ni tani nzima kabla jua halijazama. Hapo ndipo mkulima wa mpunga anapojifunza kugawanya: kundi lilelile likitua kwenye majaruba mia yaliyoiva pamoja, kila mmoja anapoteza kidogo, likikuta jaruba moja limewahi kuiva, mwenyewe atavuna mabua. Anayejivunia kupanda mapema kuliko wote huwa anasahau kuhesabu ndege.

Je, wajua kuwa wadudu waharibifu wanaweza kupatanisha watu wa mfereji mmoja? Skimu ya Mkula hunywesha mpunga kwa maji yanayoshuka Udzungwa, na kila skimu ya namna hiyo ina ugomvi wake wa zamani: wa karibu na banio anafungua kwanza, wa mkiani anasubiri. Kwa hesabu ya haraka, wa juu hana sababu ya kumhurumia wa chini. Kisiwani Bali, Indonesia, wakulima wa mpunga wamegawana maji kwa karne nyingi kupitia vikundi viitwavyo subak, na kalenda yao hupangwa kwenye mahekalu ya maji. Mwaka 1993 Stephen Lansing na James Kremer walichapisha modeli ya subak 172 za mito miwili. Kila kikundi kwenye kompyuta kiliwatazama majirani zake, kikamwiga aliyevuna vizuri zaidi. Misimu michache ikapita, na vikundi vikawa vimejipanga vyenyewe katika kalenda inayofanana sana na ile ya mahekalu.

Siri ilikuwa wadudu. Mashamba ya eneo moja yakivunwa na kupumzishwa kwa pamoja, wadudu wanakosa pa kula. Wa juu akimnyima maji wa chini, wa chini atapanda kwa kuchelewa, na wadudu watakuwa na shamba la kuhamia mwaka mzima, halafu watapanda mfereji kurudi kwa wa juu. Kwa hiyo wa juu anafungulia maji kwa faida yake mwenyewe. Naipenda modeli hii kwa sababu haimtaki mtu awe malaika.

Je, wajua kuwa hesabu za mbu ndizo zilizozaa hesabu za watu? Ronald Ross, aliyepata Nobel mwaka 1902 kwa kazi yake kuhusu mbu na malaria, alichoshwa na waliomwambia kuwa mbu hawawezi kumalizwa. Akakaa chini na milinganyo yake, akaonyesha kuwa hakuna haja ya kuwamaliza: wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa unakosa nguvu ya kujiendesha. Kisha, mwaka 1916, akaipanua hesabu hiyo iwe ya matukio ya kila aina. Kuna matukio yanayomfika mtu peke yake, kama ajali. Kuna mengine yanayotoka kwa mtu hadi mtu, na humo Ross hakuweka magonjwa tu. Aliweka pia kujiunga na madhehebu, vyama vya wafanyakazi na vyama vya siasa. Mkutano wa hadhara na homa, mlinganyo mmoja.

Bonde la Kilombero limeulisha mlinganyo huo takwimu kuliko sehemu nyingi duniani. Ifakara kulikuwa na maabara ndogo ya Waswisi tangu miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Watafiti wake walikesha vijijini, Namawala kwa mfano, wakihesabu mbu waliokuja kumuuma mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa vyandarua wa Kilombero na Ulanga uliuza chandarua chenye jina lisilohitaji maelezo, Zuia Mbu, na mwaka 2001 jarida la Lancet likachapisha matokeo: kwa watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4, vyandarua vyenye dawa vilitoa kinga ya asilimia 27 dhidi ya kifo.

Lakini swali la kijirani lilibaki. Chandarua cha baba kinamsaidiaje mtoto wa nyumba ya pili asiye nacho? Mwaka 2007 Gerry Killeen na wenzake, wakiwamo Hassan Mshinda na Salim Abdulla, walijibu kwa modeli. Mbu hawezi kuambukiza mara tu anapomuuma mgonjwa. Lazima aishi siku kumi au zaidi ili vimelea vikomae, na katika siku hizo lazima atafute damu mara kadhaa. Tuseme kila mara anapotafuta damu ana nafasi ya asilimia 80 ya kutoka salama. Baada ya mara nne, katika mbu 100 watakuwa hai 41. Vyandarua vikijaa kijijini, nafasi ikashuka hadi asilimia 50, watabaki 6. Hao 35 waliokufa zaidi hawakuulizana mtoto yupi ana chandarua na yupi hana. Hitimisho la modeli: asilimia 35 hadi 65 ya watu wote, wakubwa kwa wadogo, wakilala kwenye chandarua chenye dawa, hata wasio nacho wanakingwa. Kabla ya hapo mkazo ulikuwa kwa wajawazito na watoto wadogo peke yao.

Modeli ina pengo moja ambalo bibi yeyote wa Kilombero angelionyesha. Msimu wa mpunga watu huhamia shamba, mbali na nyumba, na kulala kwenye dungu ili waamkie ndege. Dungu lina nguzo nne na paa la nyasi. Mbu anaingia bila hodi.

Je, wajua faida ya mchezo wa akina mama ni wiki nne na nusu? Wanawake kumi, kila mmoja anatoa 10,000 kwa wiki. Ukiweka peke yako, laki moja utaipata wiki ya kumi. Kwenye mchezo, anayepokea mapema zaidi anaipata wiki ya kwanza, wa mwisho wiki ya kumi. Wastani ni wiki ya tano na nusu, na hakuna aliyecheleweshwa. Wa mwisho basi anafuata nini? Jibu lilitoka Kibera, Nairobi, ambako Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walichapisha utafiti mwaka 2002: wanachama wengi ni wanawake walioolewa, na mchezo huwasaidia kuitoa pesa nyumbani kabla mume hajaipangia kazi.

Je, wajua kuwa wakulima na wafugaji wanaweza kutofautiana kwa asilimia moja tu? Katika jaribio la kugawana pesa lililofanyika kwenye jamii 15 duniani, mmoja anapewa fungu na kuamua amkatie mwenzake kiasi gani; mwenzake akikataa, wote wanakosa. Nadharia ya uchumi ilisema atatoa kiduchu. Kwa Wasangu wa Mbeya, wakulima walitoa wastani wa asilimia 41, wafugaji 42. Na Waorma wa Kenya, walipoletewa jaribio la kuchangia mfuko wa pamoja, walilitambua hapohapo: hii si harambee? Wakachangia asilimia 58.

Je, wajua kuwa nyani hupiga kura kwa miguu? Mpala, Laikipia, watafiti waliwavalisha nyani 25 wa kundi moja mikanda ya GPS. Wawili wakielekea pande zinazokaribiana, wafuasi hupita katikati. Pembe kati yao ikizidi takribani nyuzi 90, kundi huchagua upande mmoja, kwa kawaida ule wenye wengi. Cheo cha dume hakisaidii.

Na ya mwisho ni ya kijiweni. Thomas Schelling, mwaka 1971, aliueleza mgawanyiko wa mitaa ya Marekani kwa sarafu na ubao wa miraba. Wewe tumia ubao wa drafti: miraba 64, vizibo 22 vyekundu, 22 vya chungwa, 20 ibaki wazi. Kizibo kinaridhika kikiwa na theluthi moja tu ya majirani wa rangi yake; kisiporidhika, kinahama. Hakuna kizibo kinachomchukia mwenzake. Nilivitawanya bila mpangilio, nikaanza kuhamisha. Vyekundu vilianza kukaa kona yao, vya chungwa yao, na nilikuwa bado na vitatu vya kuhamisha wenye ubao walipoutaka wacheze.