Nyumba Nzuri Isiyomaliza Ghala

Ndugu zetu, katika mazungumzo haya twataka kunena habari za kupamba nyumba, wala si nyumba ya tajiri. Twanena nyumba ya udongo au ya matofali, yenye vyumba viwili au vitatu, kama zilivyo nyingi huko Kaoze katika Bonde la Ziwa Rukwa, na kama zilivyo nyingi juu ya milima ya Lyambalyamfipa katika nchi ya Ufipa. Twaona kila mwaka baada ya mavuno mambo ambayo yatupasa kuyasema waziwazi. Kijana ameoa, amevuna vizuri, naye huuza magunia ya mahindi au ya mpunga ili apate viti vya kochi na mapazia yenye kumetameta kama aliyoyaona Sumbawanga mjini. Majirani huja kutazama, nao husifu. Kisha hufika mwezi wa Februari, mahindi ya shambani bado mabichi, na ghala i tupu. Kochi halipikiki.

Hatusemi kwamba ni vibaya kupenda nyumba nzuri. La, mtu asiyependa pahali anapolala hatapenda kupafagia. Tusemalo ni hili, kwamba uzuri wa nyumba hauanzi dukani. Huanzia ukutani, na ukuta ni udongo, na udongo hauuzwi kwa mtu aliye na jembe.

Yuko atakayesema kwamba udongo ni kitu duni. Walakini wazee wa Ufipa walijenga kwa udongo malungu, yaani zile tanuri ndefu kupita kimo cha mtu, wakayeyusha chuma ndani yake, na mabaki ya baadhi yake yalisimama mvuani miaka mingi baada ya kazi ile kukoma. Na Joseph Thomson, aliyepita nchi hizi mwaka 1879 na 1880, alipofika kwa Wanyakyusa, kaskazini ya Ziwa Nyasa, alizisifu sana nyumba zao za mianzi na udongo kwa unadhifu wake. Hakukuta humo kochi hata moja.

Basi tuanze na ukuta. Ukuta wenye nyufa haupambiki, na tena una hatari. Ndani ya nyufa za ukuta na za sakafu ya udongo hujificha papasi. Mchana hawaonekani, usiku hutoka, humwuma aliyelala, kisha hurudi mafichoni kabla hakujapambazuka. Papasi huweza kukaa muda mrefu sana bila kula, hata nyumba iliyohamwa hubaki nao. Katika miaka ya 1904 na 1905 waganga waligundua Uganda na Kongo kwamba mdudu huyu ndiye aletaye homa ile inayomwacha mgonjwa siku kadha na kumrudia tena. Mmoja wao, Joseph Everett Dutton, aliambukizwa katika kazi hiyo akafa Kasongo mwaka 1905. Kwa hiyo mama anayekandika ukuta wake mpaka ukawa laini asidhani kwamba anafanya urembo mtupu.

Udongo wa kukandikia una siri yake. Ukiwa mwingi wa mfinyanzi hushikamana vizuri, lakini ukikauka hunywea, na kwa kunywea hupasuka. Ukiwa mwingi wa mchanga haupasuki, lakini hupukutika ukiguswa. Dawa ni kujaribu kwanza. Finyanga donge kama chungwa, uliweke kivulini siku mbili tatu. Likipasuka, ongeza mchanga. Likipukutika ukilisugua, ongeza mfinyanzi. Majani makavu yaliyokatwakatwa hushika udongo kama nyuzi zishikavyo nguo, na samadi mbichi ya ng'ombe huufanya ulainike na kushikamana. Udongo wa kichuguu wafaa sana kwa sakafu, ukipondwa, ukiloweshwa na kushindiliwa vema. Ukuta ukikandikwa usikaushwe upesi. Ziba madirisha, uuache ukauke polepole.

Sasa rangi. Mahali pengi kuna udongo mweupe, mwekundu, pengine na wa manjano, na wazee wafinyanzi wajua upatikanapo. Usage, uchekeche kwa kitambaa, uukoroge katika maji. Rangi ya udongo mtupu ina aibu moja, huwapaka mgongo wageni waegemeapo. Tia humo uji mwembamba wa unga uliochemshwa vizuri, nayo itashika zaidi. Jaribu pahali padogo kwanza, maana rangi ikiwa mbichi huonekana nzito, na ikikauka hubadilika.

Kwa ndani, nyeupe ni bora kuliko zote, kwa kuwa ukuta mweupe huurudisha mwanga na ukuta mweusi huumeza. Nyumba zetu nyingi zina madirisha madogo. Mtoto anayesoma kitabu jioni karibu na ukuta mweupe ataziona herufi muda mrefu kidogo kuliko mwenzake aliye katika chumba cha masizi. Sisi walimu twalijua jambo hili kwa kuona macho ya wanafunzi wetu! Kwa hiyo pia jiko na litengwe na chumba cha kulala, ikiwezekana. Hapana chokaa iwezayo kushindana na moshi wa kila siku.

Kwa nje, usiipake nyeupe mpaka chini. Mvua ya kwanza itarusha matope ukutani, na kazi yote itaonekana chafu. Paka ukanda mwekundu au mweusi tangu ardhini hata kadiri ya dhiraa moja na zaidi. Ukanda huo huficha matope na alama za mikono ya watoto, na tena huipa nyumba umbo, kama pindo liipavyo nguo. Rangi nyeusi hupatikana kwa makaa yaliyosagwa. Juu ya ukanda ndipo mwenye nyumba aweke alama yake: mistari ya vidole ikiwa udongo ungali mbichi, au duara, au mfano wa suka la ukili. Hapo tusimwambie afanye nini. Nyumba kumi zilizopakwa kwa mfano mmoja hazina mwenyewe.

Watu wa Lamu, katika nyumba zao za mawe za karne ya 18, walichonga ukutani safu za zidaka, wakapanga humo sahani za kaure kutoka China. Nasi twaweza kufanya kidaka kimoja au viwili, kwa kuacha tofali moja katika ukuta ulio mnene. Ukiwa mwembamba usijaribu, maana utaudhoofisha. Na kwa nini tutafute kaure? Chungu kizuri, kibuyu, ungo uliosukwa vema, hivyo vyatosha. Zamani watu wa bonde la Rukwa walifuma wenyewe nguo za pamba zilizoitwa seketa, na wasafiri wa karne ya 19 waliandika habari za ufumaji huo. Mwenye kipande alichorithi kwa bibi yake asikiache kiliwe na panya kwenye sanduku.

Picha za magazeti na kalenda twazijua. Chagua mbili au tatu, nyingine zibanduliwe. Kalenda ya miaka kumi iliyopita haimwambii mtu tarehe, nayo huwahifadhi mende nyuma yake.

Jambo moja zaidi kwa watu wa bonde. Kaoze si Sumbawanga. Kule juu, mahali pa mita kama 1,800, usiku ni baridi, na mapazia mazito yana maana. Huku chini, karibu na ziwa lililo mita kama 800 tu, pazia zito huzuia upepo na kumchosha alalaye. Kanga moja nyepesi yatosha dirishani, na matundu yaachwe juu ya ukuta chini ya paa ili joto litoke. Fedha iliyobaki inunue chandarua, kitandazwe vizuri juu ya kitanda. Hapana pambo lifaalo zaidi katika nchi ya mbu.

Kazi hii ifanywe kiangazi, baada ya kuvuna, chumba kimoja kimoja, ikamilike kabla ya mvua za Novemba. Udongo wa rangi utakaosalia uukaushe, uufunge, uuweke juu ya dari, maana mwezi wa Mei utakuta upande wa mvua wataka kupakwa tena.