Kompyuta na Usalama wa Dawa katika Pwani ya Cabo Delgado

Mfumo wa kompyuta wa kusaidia maamuzi ya tiba ni programu inayolinganisha taarifa za mgonjwa, kama vile umri, uzito, ujauzito na dawa anazotumia, na kanuni za tiba zilizohifadhiwa ndani yake, kisha ikapendekeza dozi au kumwonya tabibu kabla dawa haijatolewa. Uamuzi hubaki mikononi mwa tabibu.

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, kuanzia Palma hadi Mocímboa da Praia, msaada huo una maana kubwa, kwa kuwa malaria, VVU na kifua kikuu huweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hulifanya ini liivunje kwa kasi dolutegravir, dawa ya VVU, hivyo miligramu 50 zinazomezwa mara moja kwa siku hulazimika kumezwa mara mbili. Vilevile, mjamzito anayeishi na VVU na kutumia antibiotiki ya kotrimoksazoli kila siku hapewi SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, kwa sababu zote mbili zina salfa na zikichanganywa huzidisha madhara. Hata dawa mseto ya malaria hufuata uzito: kwa vidonge vya kawaida vya atemetha na lumefantrini, mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza kidonge 1 kwa kila dozi, na wa kilo 15 hadi chini ya 25 humeza 2, kwa dozi 6 ndani ya siku 3.

Manufaa ya mifumo hii yameonekana nchini Tanzania. Utafiti wa programu ya ePOCT+ katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa asilimia 23.2 katika vituo vilivyoitumia na asilimia 70.1 katika vile visivyoitumia, bila ya watoto wengi zaidi kushindwa kupona. Hata hivyo, programu hiyo iliambatana na vipimo vya papo hapo na mafunzo, wala haikufanya kazi peke yake.

Ugumu wa Cabo Delgado uko kwenye kumbukumbu za wagonjwa. Tangu vita vya waasi vilipoanza huko Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, watu wengi wamehama makwao na vituo vya afya vimeharibiwa. Mgonjwa aliyekimbilia Pemba, mji mkuu wa mkoa huo, bila kadi yake huenda akahudumiwa na mtu asiyejua kwamba anameza rifampisini, na programu isiyoambiwa hivyo haitaonya. Kimya chake kitadhaniwa kuwa ni idhini.

Kwa hiyo, mfumo unaofaa eneo hili ni ule unaofanya kazi bila intaneti, unaotenganisha jibu la "hapana" na la "haijulikani", na unaomtaka mhudumu aulize tena kwa Kimwani, Kimakonde au Kiswahili pale taarifa muhimu inapokosekana. Unapaswa pia kuonya kuhusu hatari kubwa pekee, kwani mhudumu anayepokea maonyo mengi yasiyo na uzito huzoea kuyafunga yote bila kuyasoma, likiwemo lile moja ambalo lingemwokoa mgonjwa.