Anayepanga matukio ndiye anayegawa lawama

MAJUZI nilikuwa Dundori, kaunti ya Nakuru, kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili kuhusu filamu. Dundori ni mahali pa baridi, viazi na maziwa, kwenye barabara inayopanda kutoka Lanet kuelekea Ol Kalou. Nilikuwa nimejihami kwa majina mazito ya wananadharia. Kabla sijafungua daftari, binti mmoja wa nyuma akainua mkono: "Mwalimu, sinema ya Mchina ikitafsiriwa na DJ Afro, hadithi inakuwa ya nani? Ya Mchina ama ya DJ?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nililifunga daftari nikamwambia tutalijibu swali lake kabla ya kengele, kwa sababu nadharia nzima ya usimulizi wa filamu imejikunja humo.

Swali hilo lina uzito zaidi sasa. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaochagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo wanaweza kusoma maigizo na filamu kama somo. Wengi wao wamelelewa na vibanda vya video na simu. Tukiwaambia kwamba waliyoyaona huko ni takataka, na kwamba filamu ya kweli huanzia Ulaya, tutakuwa tumewapokonya ngazi kisha tukawataka wapande.

Tuanze na dhana mbili. Mwanzoni mwa karne ya 20, wahakiki wa Urusi, akiwemo Viktor Shklovsky, walitofautisha fabula na sujeti. Fabula ni matukio yenyewe kwa utaratibu wa kutokea kwake: hili, kisha lile. Sujeti, ambayo sisi huiita msuko au ploti, ni jinsi matukio hayo yanavyopangwa ili tuyapokee. Maelezo haya yakiachwa hivyo hivyo, mwanafunzi atayakariri kwa ajili ya mtihani na kuyasahau jioni. Kwa hiyo niliwapa mfano wa nyumbani.

Mvua inanyesha usiku kucha. Barabara inateleza. Gari la kukusanya maziwa linachelewa. Maziwa ya mama mmoja yanachacha. Pesa za karo zinakosekana. Wiki inayofuata, bintiye anarudishwa nyumbani. Hiyo ni fabula, na hakuna mtu Dundori asiyeijua.

Sasa chukua kamera. Ukianza na binti akitembea peke yake barabarani saa nne asubuhi, akiwa na sare na begi, mtazamaji atauliza, "Huyu amefukuzwa na nani?" Kidole kitaelekezwa shuleni. Ukianza na gari limekwama kwenye tope, lawama itawaendea waliopaswa kutengeneza barabara. Ukianza na mama amesimama kando ya mtungi akitazama kona ambako gari halitokei, huenda mtazamaji asimlaumu mtu yeyote, atangoja naye. Matukio ni yale yale sita. Kilichobadilika ni mpangilio, na pamoja nao akabadilika mkosaji.

Hili ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo: msuko si pambo. Anayepanga matukio ndiye anayegawa huruma na lawama.

Tazama Nairobi Half Life, filamu ya mwaka 2012 iliyoongozwa na David Tosh Gitonga. Mhusika mkuu, Mwas, ni kijana wa mashambani anayeuza filamu za DVD kwa kuziigiza mbele ya wateja. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Anakwenda Nairobi, anaibiwa siku ya kwanza, anatupwa seli, kisha anaingia katika genge linaloiba vipuri vya magari, huku akipata nafasi ya kuigiza katika mchezo wa jukwaani. Jiulize: je, filamu ingeanza usiku akiwa kwenye gari la mtu, anang'oa vipuri? Tungemwona mwizi. Lakini tumeshacheka naye kijijini, tumeshaona kipaji chake, tumeshamwona akiporwa. Anapoiba, tunasikitika badala ya kukasirika. Habari fupi ya gazetini kuhusu kijana huyo huyo ingeanzia kituo cha polisi, na neno la kwanza lingekuwa "mshukiwa". Ndiyo maana taaluma ya filamu haitengani na taaluma ya vyombo vya habari. Taarifa ya habari nayo ina msuko.

Wananadharia wengine hutusaidia kuona mifupa ya hadithi. Vladimir Propp, katika utafiti wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, alibaini majukumu 31 ya kimatendo na aina saba za wahusika, miongoni mwao shujaa, mhasimu na msaidizi. Wanafunzi wa Dundori hawakushangaa. Kibandani, shujaa huitwa "staring", na kila mtoto anajua staring hafi mapema. Tzvetan Todorov naye alieleza kwamba masimulizi huanza na hali ya utulivu, utulivu ukavurugwa, kisha ukatafutwa utulivu mwingine. Ngano ya fisi na sungura hutembea kwa miguu hiyo hiyo. Anayejua kuitikia "Pakawa!" ameshaanza kozi.

Ila nadharia isigeuzwe kuwa kalibu ya matofali. Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina inamhusu Jo, msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Mapema tunaelewa kwamba hatapona. Kwa kawaida, kufichua mwisho huua taharuki. Hapa taharuki inahama: hatuulizi tena iwapo Jo atapona, tunauliza jamii yake itafanya nini na muda uliobaki. Mwalimu atakayetafuta tu mahali pa kuandika "utulivu umerejea" atakuwa ameikosa filamu.

Turudi kwa yule binti. DJ Afro hapangi upya picha. Anachofanya ni kuweka sauti juu yake, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, akiwapa wahusika majina ya mtaani na kuyafafanua matendo yao kwa jicho la Mkenya. Si yeye pekee. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, na Uganda ina wasimulizi wanaoitwa maviijei. Wajapani, enzi za filamu bubu, walikuwa na msimulizi aliyeitwa benshi, na baadhi yao walivuta watazamaji kuliko waigizaji wenyewe. Sauti ilipoenea katika filamu zao miaka ya 1930, kazi hiyo ikawaponyoka.

Basi jibu nililompa ni hili: katika filamu hiyo mna tabaka tatu. Kuna matukio, ambayo ni mali ya ulimwengu wa hadithi. Kuna msuko, ambao ni wa mwelekezi na mhariri wa picha. Na kuna sauti inayosimulia, ambayo ni ya DJ. Mchina ameamua tuone nini na lini. DJ anaamua tukione kwa jicho gani. Akimcheka staring, tutamcheka. Akimhurumia adui, tutasita kumzomea.

Binti akafikiri kidogo. "Kwa hivyo," akasema, "hata mimi nikisimulia nyumbani kwa nini nimechelewa, nachagua pa kuanzia."

Naam. Mwalimu aliye na darasa la filamu na hana projekta wala maabara aanzie hapo. Awape wanafunzi tukio moja la kijijini, kila kundi lianzie mahali tofauti, kisha waulizane ni nani aliyeonekana mkosaji na kwa nini. Majina ya Shklovsky, Propp na Todorov yaje baadaye, yakiwa majina ya vitu ambavyo tayari wamevishika mkononi. Na jioni, habari zikianza, wajiulize swali lile lile: mbona wameanzia hapo?