Barua Isiyo na Salamu

Ndugu msomaji, wahenga walionena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua hawakupata kuiona barua pepe. Hata hivyo neno lao limenifika mimi hapa Kona ya Musa, Ukunda, na limemgharimu mjomba wangu fedha alizozichuma kwa jasho. Nimeazimia kuyaeleza yaliyonisibu, ijapokuwa haya yanishika, kwa sababu haya hiyo hiyo ndiyo iliyonitia hasarani.

Ilikuwa Alhamisi baada ya swala ya Isha. Nimeketi barazani, simu mkononi, pikipiki zapita na muuza mihogo akifunga kazi. Mara ikaingia barua. Ilikuwa na nembo ya kampuni inayonihifadhia barua zangu, ikasema kwamba sanduku langu litafungwa baada ya saa 24 nisipothibitisha kuwa ni langu. Chini yake paliwekwa kiungo cha kubonyeza. Nami kwa kuchelea kupoteza barua za miaka mingi, nikabonyeza. Ukurasa uliofunguka ulikuwa pacha wa ule niuzoeao kila siku. Ukaniomba neno la siri, nikaliandika.

Usiku ule ule nilipotaka kusoma barua nyingine, nikaambiwa neno la siri si sahihi. Nikarudia, ikawa vile vile. Hapo nikatambua kwamba nimepigwa changa la macho.

Sasa usikie ujinga wangu. Mtaani kwetu mimi ndiye niletewaye fomu na barua nizijaze. Kijana akikwama na kompyuta huja kwangu. Nikajiuliza, kesho nitawaambia nini watu hawa? Mganga hajigangi, ni kweli, lakini nani apendaye kuchekwa? Nikanyamaza, nikalala.

Asubuhi ya Ijumaa nikaenda saiba kimya kimya kujaribu kulifungua sanduku langu. Saa nne nilipopita nyumbani kwa mama nikakuta wanawake watatu wamefika na chupa za uji, nyuso zimewasawijika. Mama mwenyewe yuko ukumbini, mzima wa afya, anapukuchua kunde, anawatazama kwa mshangao. Hawajamaliza kuulizana, simu ikalia. Alikuwa mjomba wangu aliyeko Muscat.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mpwa wangu, fedha zimefika? Daktari ameshaanza?"

Miguu iliniisha nguvu. Mwizi hakuiba sanduku tu. Alikaa akasoma barua zangu za zamani, akajua mjomba ni nani, binamu zangu wa Likoni ni nani, na kwamba mama husumbuliwa na goti. Kisha akawaandikia wote kwa jina langu: mama amezidiwa, atapasuliwa leo, simu yangu imeharibika msinipigie, tumeni kwa nambari hii. Binamu wa Likoni ndiye aliyewapasha habari jirani wa mama. Mjomba, kwa mapenzi ya dadaye, alituma riali 120 za Oman, zikaribiazo shilingi 40,000 za kwetu. Alizituma Ijumaa asubuhi. Lau ningempigia simu Alhamisi usiku, asingetuma hata senti.

Lakini yuko mmoja aliyepata barua ile ile na hakunasa. Ni shangazi yangu wa Vanga, ambaye husomewa barua na mjukuu wake. Mjukuu alipomaliza kusoma, bibi akamwambia, "Hebu soma tena mwanzo wake." Mjukuu akasoma. "Shikamoo iko wapi? Hajaniuliza hali, hajawasalimu waliomo nyumbani, ameanza na fedha! Huyu si mtoto wa kaka yangu." Akaitwaa simu akampigia mama.

Naam, msomaji, ajuza asiyejua kufungua kompyuta alimshinda mwizi wa kompyuta. Sisi watu wa pwani tulilelewa kupiga hodi mara tatu na kungoja tuitikiwe. Barua zetu zilikuwa na hodi zake: salamu, kuuliza hali, kisha ndipo haja. Tena Suratul Hujurat imetuamrisha kwamba fasiki akituletea habari, tuihakikishe kwanza kabla ya kutenda. Shangazi alitenda hayo mawili. Mimi na mjomba tulikimbilia haja.

Hila hii si ngeni. Waingereza wameiita kwa neno lao lile lile la kuvua samaki, ila wamelibadilisha herufi ya mwanzo, na neno hilo lilianza kutumika Marekani katika miaka ya 1990. Nasi tuliozaliwa karibu na bahari tungefaa kuielewa upesi. Mvuvi hamfuati samaki mmoja mmoja. Hutupa mishipi mingi akangoja. Chambo chake ni hofu, kama ile ya kufungiwa sanduku, au tamaa, kama zawadi usiyoigombania. Na ndoana ni ile haraka: saa 24, leo leo, sasa hivi.

Wala usidhani hunasa wajinga peke yao. Machi 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, aliletewa barua iliyojidai kutoka Google, ikimwonya kuwa kuna mtu amelipata neno lake la siri. Wasaidizi wake walimwuliza mtaalamu wao wa kompyuta, naye akajibu kwamba barua ile ni ya halali. Baadaye alieleza kuwa alikusudia kuandika si ya halali. Kiungo kikabonyezwa, na kuanzia Oktoba mwaka ule maelfu ya barua za Podesta yakatangazwa na WikiLeaks mbele ya ulimwengu mzima.

Nilijifunza haya kwa gharama ya mtu mwingine, basi nawe yachukue bure. Kampuni ya kweli haihitaji umwandikie neno lako la siri kupitia kiungo cha barua. Ukitiwa shaka, kiache kiungo, uandike mwenyewe anwani uijuayo. Itazame anwani herufi kwa herufi, maana tofauti huweza kuwa ya herufi moja tu.

Na ukishanaswa, usilale kama nilivyolala mimi. Lirejeshe sanduku kupitia nambari ya simu uliyoiandikisha, ubadilishe neno la siri, uvifukuze vyombo vyote vingine vilivyomo ndani ya sanduku hilo. Kisha chungua mipangilio yake. Mimi nilikuta mwizi ameacha amri kwamba nakala ya kila barua yangu impelekee yeye. Ningebadilisha kufuli tu, angeendelea kuchungulia dirishani. Weka pia kufuli la pili, lile linalotaka nambari ya siri kutoka simu yako, wala nambari hiyo usimpe mtu yeyote. Neno moja la siri usilitumie kila mahali. Kumbuka kuwa barua pepe ni mama wa kufuli zako zote, kwani maneno ya siri ya mahali pengine hubadilishwa kupitia kwake.

Nilikwenda kuandikisha habari polisi. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 iliufanya mtego huu kuwa jinai, faini hadi shilingi 300,000 au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini fedha za mjomba zilikuwa zimekwisha tolewa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 tumezoea fedha kufika kabla ya mtu kumaliza salamu, na mwizi naye amezoea.

Jumamosi nilimpigia mjomba nikamwahidi kumlipa kidogo kidogo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Fedha hutafutwa, mpwa wangu. Lakini nilikaa usiku kucha Muscat nikimwombea dada yangu, na wewe ulikuwa unajua kuna mwizi nyumbani."

Neno hilo limeniuma kuliko riali 120. Nimeanza kulipa, na tangu siku ile nimewaeleza jirani zangu wote yaliyonipata. Wako waliocheka. Wako wawili waliokuja baadaye, usiku, kila mmoja peke yake, kuniambia kwamba nao wamebonyeza, na hawajamwambia mtu.

Shangazi wa Vanga yeye ametoa amri yake kwa ukoo mzima: anayetaka fedha apige simu, aanze na shikamoo, asikike sauti. Na mimi, asema, nianze mara mbili.