Kamionete ya Zamani na Remoke: Hesabu Kabla ya Safari

Baba mmoja wa mtaa wetu hapa Likasi alikuja kwangu na furaha. Alikuwa amepata remoke ya kuazima. Alitaka kuifunga nyuma ya kamionete yake ya zamani, alete mifuko 30 ya simenti toka Lubumbashi, na jamaa yake wapande pamoja naye. «Pasta, moteri iko na nguvu, itavuta tu!»

Kuvuta, ndiyo, itavuta. Hata kamionete yenye kuchoka inaweza kuvuta mzigo mkubwa pahali pa tambarare. Shida iko kwenye mteremko, wakati mzigo unaanza kusukuma. Mimi mwenyewe niliwahi kuona remoke yangu ndani ya kioo ikija pembeni kama inataka kunipita. Sijasahau ile siku.

Basi tukaketi na kalamu. Fanya hivyo hata wewe. Tafuta kibao cha chuma chini ya kapo ao kwenye nguzo ya mlango. Pale mara nyingi wameandika uzito wa mwisho wa motokari pamoja na mzigo wake, na mara ingine uzito wa mwisho wa motokari na remoke pamoja. Kama kibao kimepotea, uliza fundi mwenye kitabu cha aina ile. Usikisie.

Kwa yule baba tulipata hivi: motokari tupu kilo 1500, watu watano kilo 350, mazuti na vitu vingine kilo 150. Jumla 2000. Remoke tupu kilo 400, simenti 30 mara 50, ndiyo 1500. Jumla 1900. Vyote pamoja 3900, na kibao kilisema 4000. Akacheka: «Unaona, Pasta!»

Nikamuuliza: remoke iko na freni yake? Hapana, haina. Hapo hesabu inageuka. Remoke isiyo na freni inasimamishwa na freni za kamionete peke yake. Sheria ya Ufaransa, kwa mfano, inaruhusu remoke ya namna ile mwisho kilo 750 pamoja na mzigo, na tena isipite nusu ya uzito wa motokari tupu. Toa 400 ya remoke yenyewe: inabaki 350. Ni mifuko saba. Saba, si 30! Kila mara namba iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inaamuru.

Na zile namba ni za motokari nzima. Yake ilikuwa na miaka mingi. Tukamwita fundi. Akatazama mipira ya freni, ile midogo inayopeleka mafuta kwenye magurudumu: miwili ilikuwa imepasuka-pasuka. Mafuta ya freni yalikuwa meusi. Mafuta ya freni hunywa maji ya hewa, na kwenye mteremko mrefu freni zikipata moto yanachemka, pedali inashuka mpaka chini bure. Ambreyaje ilikuwa inateleza kidogo. Lakini kilichonitisha ni ndoano: ilichomelewa kwenye parashoki! Parashoki si kitu cha kuvutia mzigo. Ndoano inafungwa kwa bulo kwenye shasi, na shasi isiwe imeliwa na kutu.

Angalia vilevile mipira ya magurudumu. Ubavuni kuna namba nne ndani ya duara: 2318 maana yake juma la 23, mwaka 2018. Mpira unaweza kuonekana mzuri na kumbe umezeeka.

Ukipakia remoke, mzigo mzito zaidi uwe mbele kidogo ya ekseli, si nyuma. Ukiweka nyuma, remoke inainua mkia wa kamionete na kuanza kucheza huku na huku. Weka minyororo miwili, ipite kama msalaba chini ya mkono wa remoke, ili ndoano ikikatika remoke isiende peke yake kati ya watoto wanaotoka masomo. Na mbio? Ukitoka 30 kwenda 60, nguvu ambayo freni zinapaswa kumaliza inakuwa mara nne. Kabla ya mteremko, ingia vitesi ya pili ukiwa ungali juu, usingoje katikati.

Yule baba hakufurahi. Feza ya kukodi lori hakuwa nayo, na mafundi wa nyumba walikuwa wanangoja. Tukapiga hesabu tena bila jamaa: yeye na kijana wake mmoja, mifuko 14 ndani ya kamionete yenyewe, saba kwenye remoke. Kibao cha motokari peke yake kilisema 2500, tukabaki chini. Mifuko tisa ikangojea safari ya pili, bila remoke.

Kwanza alibadilisha mipira ya freni na mafuta, na ndoano ikahamishwa kwenye shasi. Ilichukua juma mbili. Mama wa nyumba alipanda bisi na watoto, naye ndiye alifika wa kwanza.