Gari Linapozimika Kwenye Taa

Akina mama wenzetu tunaoendesha Toyota Corolla za miaka ya 1990, zinazopuliza petroli kwa nozeli, shida hii tunaijua. Gari likisimama, injini hupanda na kushuka, au huzimika kabisa, watoto wakiwa ndani na malori nyuma yetu.

Kabla ya kununua vipuri kwa fedha za ada, tutafute chanzo. Injini ikiwa imepoa kabisa, tufungue rejeta. Maji yakipungua, kipima joto huweza kubaki kwenye hewa. Kompyuta hudhani injini bado ya baridi, ikaongeza mwendo. Kisha tukague mipira ya hewa: iliyopasuka hutoa sauti ya mfyonzo injini ikinguruma. Mwisho, fundi asafishe masizi kwenye mlango wa hewa na njia yake ndogo.

Skrubu ya kurekebisha mwendo isiguswe kwanza, maana huficha ugonjwa bila kuuponya. Injini iliyopata moto hutulia kwenye mizunguko takriban 700 hadi 800 kwa dakika.

Tumwulize fundi ameona nini kabla hajabadilisha kitu. Huo nao ni uwakili mwema wa mali aliyotukabidhi Mungu.